Kutu haipakwi ovyo

Chombo cha angani cha kubuni, kiwe modeli au mchoro wa kibonzo, kikimetameta kila upande huonekana hakina umri. Waunda modeli wa filamu ya Star Wars (1977) walilijua hilo: walinyofoa vipande kwenye modeli za plastiki za vifaru na ndege za vita, wakavibandika kwenye vyombo vyao, kisha wakavichafua kwa rangi.

Wanaoiga hubandika vipande kila mahali kwa wingi uleule, na hapo kazi huharibika. Jicho hukosa pa kutua, na meli ya mita mia tatu hugeuka redio iliyofunguliwa mfuniko. Virundike penye kazi tu: kandokando ya injini, kwenye maungio, karibu na milango ya mafundi. Kwingine pabaki patupu, hata theluthi mbili za uso. Halafu weka kitu kimoja ambacho kila mtu anajua kipimo chake, kama ngazi au mlango wa kupita mtu.

Uchafu nao una chanzo. Rangi hubanduka kwenye kingo na mahali mikono inaposhika. Masizi hukaa mahali moto unapotokea. Michirizi ya kutu inataka maji, hewa na mvutano wa kuivuta chini, kwa hiyo chombo kisichotua kwenye sayari hakiwezi kuwa nayo. Hicho kipe vishimo vya vimondo vidogo na rangi iliyopaushwa na jua.

Kwenye modeli, paka rangi ya msingi, ikauke, kisha vanishi ya kung'aa. Zimua rangi ya mafuta ya kahawia iliyokolea, sehemu moja kwa takriban tisa za tapentaini, iache itiririke kwenye mifereji, halafu futa kwa kitambaa ukielekea chini. Ukiruka vanishi, rangi ya chini huinywa na madoa hayatoki. Mabanduko hupigwa kwa kipande cha sponji kilichochovywa kwenye rangi na kukaushwa kwanza kwenye karatasi. Acha mapema kuliko unavyotamani.

Kwenye vibonzo adui ni kurudia. Mkwaruzo uliochorwa kisanduku cha kwanza lazima uwe palepale kisanduku cha arobaini. Chagua alama tatu kubwa, mathalani kiraka, namba na ufa, na uzichore kwanza kwenye karatasi ya mfano, chombo kikionekana mbele, ubavuni na nyuma. Kikiwa mbali, ondoa mistari myembamba yote. Kiraka na umbo la nje vinatosha kukitambulisha.