Nilivyoweza kuwapigia watu dansi za Kiyidi kule Weimar

Wapiga fidla wenzangu mmeniuliza sana nilivyoweza kupiga dansi za Kiyidi, basi naandika mara moja. Mie nakaa Leipzig, Ujerumani, fidla nimejifunzia Unguja kwenye taarab, na kutoka hapa hadi Weimar ni treni tu, si mbali. Kila kiangazi, Julai na Agosti, kule kuna Yiddish Summer Weimar, tamasha la muziki, dansi na lugha ya Kiyidi, ile lugha ya Mayahudi wa Ulaya Mashariki inayokaribiana na Kijerumani ila inaandikwa kwa herufi za Kiebrania. Mizizi yake ni warsha za mwaka 1999 za mwanamuziki Mmarekani Alan Bern, na sio tamasha la kukaa kitini ukapiga makofi, mchana watu wanajifunza usiku wanacheza. Nilitaka kitu kimoja tu, nipige na bendi ya usiku na watu wacheze kweli, sio wasimame kunishangaa.

Masikio ndiyo yaliyonipa moyo. Mwalimu hakupi noti, anapiga kipande mnarudia, anapiga kingine mnarudia, yaani vilevile wazee walivyotufundisha klabuni. Alafu walipotupa wimbo wa freygish, yaani mpangilio mmoja wa sauti zao, nikacheka peke yangu, kumbe hijazi hii jamani, ile maqam yetu ya taarab! Ile nafasi pana kati ya sauti ya pili na ya tatu nimekua nayo. Si kitu kimoja kabisa, wao wanamalizia kwengine, ila vidole vilijua njia.

Shida ikawa mkono wa kulia. Mie upinde nauvuta mrefu, wao wana kitu wanakiita krekhts, kama kwikwi ya mtoto aliyetoka kulia sasa hivi. Noti inapoisha, kidole cha juu yake kinagusa waya kidogo tu bila kukandamiza na papo hapo upinde unausimamisha. Ukichelewa kusimamisha inatoka kama filimbi, ukiwahi haitoki kitu. Nilikua nafanya jikoni usiku na kile kidude cha kupunguza sauti, huku nikimsikiliza Naftule Brandwein na klarineti yake, santuri za New York za miaka ya 1920, nazipunguza spidi kwenye simu. (Miaka hiyohiyo Siti binti Saad alikua Bombay anarekodi, 1928, nikisikia ule mchakacho wa santuri namkumbuka yeye.)

Lakini kilichonifungulia hasa ni kuweka fidla chini nikaingia kucheza. Bulgar, dansi yao moja, mapigo yake yanakwenda tatu-tatu-mbili, ukiyahesabu kichwani unapotea, ukiyakanyaga yanaingia yenyewe. Dansi nyingine, sher, ndiyo iliyonisomesha, mnakaa jozi nne kwa mraba, mnapishana, mnazungushana, kila jozi mpaka ipate zamu yake, sasa bendi ikikata kabla ya jozi ya mwisho wale watu umewadhulumu! Kwetu macho yangu yako kwa muimbaji na watu wanaokuja kumtunza, huku lazima yawe kwenye miguu ya wachezaji. Hakuna aliyenambia hivyo darasani, nilikijua siku niliyokua kwenye ile jozi ya mwisho, natoka jasho, namuomba Mungu mpiga akodiani asichoke.

Na mkienda Weimar pandeni basi namba 6 mpaka Buchenwald, mlimani juu ya mji, kambi ya Wanazi ya 1937 hadi 1945. Ni kilomita chache tu kutoka ukumbi mnaochezea. Nilikwenda mchana mmoja, jioni yake sikwenda dansi.

Usiku wenyewe nilikaa nyuma ya akodiani, mwanzo napiga mapigo ya kujibu tu, melodi nikaiacha kwa wenyewe. Sher ilipofika jozi ya pili nikaingia na melodi, kwikwi nikaziweka mbili tatu tu pale nilipo na uhakika, na tukaenda mpaka jozi ya nne ikamaliza. Kuna mama akanyoosha kidole juu, tena! Tukaunga bulgar.

Dansi ya hora ndiyo bado inanitoa kamasi, ile ya polepole, mapigo matatu na la kati tupu, mguu wangu unataka kulijaza tu. Mwakani nachukua kozi ya dansi kwanza ndio ya fidla. Na mwenye kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarab, yuko Ulaya anitafute, wale wana tsimbl inayogongwa kwa vijiti, nataka nizisikie zote mbili kwenye hijazi moja.