Ini la jelatini, wiki ya 3 hadi ya 5: mizani ya jikoni na kilopaskali

Kwa aliyechelewa kufika: natengeneza ini bandia la jelatini, napima ugumu wake kwa mizani ya jikoni, halafu nione kama mashine ya ultrasaundi yenye elastografia (uwezo wa kupima ugumu wa kiungo bila kukipasua) itasema namba ileile. Kazi yangu ni ufundi wa vifaa tiba. Kilichonianzisha ni swali la daktari mmoja wa picha: "Fundi, hii imesoma kilopaskali 9. Ni tisa kweli?" Sikuwa na jibu. Kilopaskali ndiyo kizio cha ugumu: namba ikipanda, ini ni gumu zaidi. Uzito tuna mawe ya mizani ya kulinganishia, ulaini je? Na si swali dogo, maana ini lenye afya husoma karibu kilopaskali 5, na likipita 12 hivi daktari anaanza kuwaza sirosisi, yaani ini lililojaa makovu.

Wiki ya 3. Kifaa kimesimama, ingawa kimeinama kidogo kulia. Ni fremu ya chuma, bolti ya M6 inayopita katikati, na kwenye ncha yake gololi ya chuma ya milimita 20 niliyoitoa kwenye beringi kuukuu. Bolti ikizunguka duara moja, gololi inashuka milimita 1. Chini kuna kopo la jeli juu ya mizani inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu. Hesabu ya kugeuza gramu kuwa kilopaskali ni ya Heinrich Hertz, 1882, huyuhuyu wa hezi za redio; yeye alikuwa akiwaza lenzi za kioo zinazokandamizana. Kwa gololi yangu, ikizama milimita 2, kila kilopaskali 1 ya jeli inaonekana kwenye mizani kama gramu 1.6.

Siku mbili nzima mizani ilisoma 0.0. Nilikuwa nazungusha bolti taratibu sana, nikidhani upole ndio umakini. Kumbe mizani hizi zikiwa karibu na sifuri, mzigo ukiongezeka polepole, hujirudisha sifuri zenyewe. Zimetengenezwa kwa ajili ya unga, si kwa ajili yangu. Sasa sifuti uzito wa kopo; nauacha usomeke, kisha natoa mwenyewe kwenye daftari.

Shida nyingine ilikuwa kujua gololi imegusa lini. Jeli inanata: ikikaribiana na chuma inairukia, na mizani inasoma pungufu. Tone la mafuta ya kula limesaidia. Tochi ya simu imesaidia zaidi: namulika kwa ubavu, naona gololi na kivuli chake kwenye uso wa jeli vikikaribiana, na vinapokutana, hapo ndipo sifuri yangu.

Wiki ya 4. Hii ndiyo iliyoninyima usingizi. Nilipika sufuria moja ya jelatini, gramu 7 katika kila gramu 100, nikamimina kwenye vyombo viwili: kopo lenye kina cha milimita 70, na bakuli la kachumbari, kina milimita 12. Friji moja, usiku mmoja. Asubuhi, gololi ikizama milimita 2, kopo likasoma gramu 11.2, yaani kilopaskali 6.9. Bakuli likasoma gramu 17. Kilopaskali 10.5! Jeli ni ileile, lakini moja ni ini la mtu wa kawaida na nyingine ni ya kumpeleka mtu kwa mtaalamu.

Ni kama kulalia godoro jembamba: unachokisikia ni mbao za kitanda. Gololi kwenye bakuli ilikuwa inaisikia sakafu. Kwenye kopo nilishusha hadi milimita 3 kuhakiki. Hertz anadai gramu 20.6, nikapata 20.3. Hilo naliamini. Bakuli limerudi kwenye kachumbari.

Halafu muda. Gololi ikikaa palepale, namba inashuka yenyewe, kwa hiyo kila kipimo nakisoma sekunde ya 10, si kabla wala baada.

Wiki ya 5. Umeme ulikatika Ijumaa usiku, na Jumamosi mchana ini langu lilikuwa supu. Jelatini haiwezi joto la Dar. Nikajaribu aga, kigandishi kinachotokana na mwani, ambayo huganda chini ya nyuzi 40 lakini haiyeyuki tena hadi karibu 85. (Jirani aliniuliza kwa nini ninunue wakati mwani umejaa Paje. Mwani wa Zanzibar unatoa karajini, kigandishi kingine, ndugu yangu, siyo aga.) Joto imelishinda, ila gololi ilipofika milimita 3, pwaa, ikapasuka kama kipande cha sabuni. Jaribio lijalo ni mchanganyiko wa vyote viwili.

Wakati huohuo nimeanza njia ya pili, kwa sababu mashine zenyewe hazikandamizi hivi. FibroScan ya Wafaransa, kwa mfano, inagonga kwa mtikisiko wa hezi 50 na kupima kasi ya wimbi linalopita kwenye ini. Kwa jeli ya kilopaskali 6.9 wimbi linakwenda kama mita 1.5 kwa sekunde, hivyo sentimita 10 ni picha 16 za video ya simu inayopiga picha 240 kwa sekunde. Inawezekana! Nilitia chembe za pilipili manga ndani ya jeli ili nione wimbi likizitikisa. Nilizitia ikiwa bado ya moto. Zote ziko chini ya kopo.