Siku moja maishani mwangu: daftari la Mwalimu

Saa 12:15 asubuhi. Natoka Pasua kwa daladala. Mawingu bado hayajapanda, Kibo na Mawenzi, vilele vya Kilimanjaro, vyote viko wazi. Kazi yangu hapa Moshi ni kupima nguvu za mapafu.

Saa 1:30. Kabla ya mgonjwa wa kwanza, naipima mashine yenyewe ya kupimia pumzi, spairomita. Nachukua bomba la lita 3, naisukumia spairomita hewa polepole, kisha kwa kasi ya wastani, kisha haraka. Ikisoma chini ya 2.91 au juu ya 3.09, simpimi mtu hadi nijue kasoro iko wapi.

Saa 2:00. Kijana wa pumu, halafu mchimbaji wa zamani wa Mirerani aliyewahi kuugua TB. Wote wawili wako kama mwezi uliopita.

Saa 3:00 kamili. Mwalimu anaingia na barakoa yake. Miezi saba iliyopita aliwekewa mapafu mawili India, baada ya yake kujaa makovu. Huja saa hii hii na hupuliza mashine hii hii, maana pumzi ya asubuhi si ya jioni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Ngazi za leo zimenishinda."

Nambana pua kwa kibanio. Vuta, vuta, jaza kabisa... puliza! Sukuma, sukuma, bado, bado, usiache! Mishipa ya shingo inamsimama, mkono umeng'ang'ania ukingo wa meza. Hewa ya sekunde ya kwanza: lita 2.29. Tunarudia: 2.31. Tena: 2.30. Niliomba iwe amepuliza vibaya, lakini namba tatu zinazokaribiana hivyo hazitokani na kupuliza vibaya.

Kiwango chake bora tangu upasuaji ni 2.60. Ameshuka asilimia 11.

Wiki mbili nyuma alipimwa kwingine akaambiwa yuko sawa, kwa kuwa jedwali la umri, jinsia na urefu lilimpa asilimia 82 ya pumzi inayotarajiwa kwa mtu kama yeye. Jambo hilo linaniuma mpaka sasa. Mtu aliyepandikizwa mapafu hulinganishwa na yeye mwenyewe wa jana. Akishuka asilimia 10 na asirudi, atafutiwe sababu. Akifika 20 na kubaki huko, huenda mwili umeanza kuyakataa mapafu polepole, njia ndogo za hewa zikiziba kwa makovu. Makovu hayo yakishaota, ni vigumu sana kuyarudisha nyuma.

Mchoro wa pumzi yake kwenye mashine ndio unaonipa tumaini. Unapanda na kuchongoka kama Mawenzi, unashuka vizuri, halafu unaburuza mkia mrefu. Inaonekana pafu moja limemaliza kutoa hewa, la pili bado linatoa kidogo kidogo. Huenda njia kubwa imebana pale iliposhonwa. Mishipa midogo inayolisha ukuta wa njia ya hewa kwa kawaida haiunganishwi wakati wa upandikizaji, hivyo pale paliposhonwa hupata damu kidogo, na kovu lake linaweza kukaza. Kubana kwa namna hiyo kunaweza kupanuliwa kwa puto kupitia bronkoskopi, yaani kamera nyembamba inayoingizwa kwenye njia ya hewa, pengine na stenti, kijibomba cha kuishikilia njia iwe wazi.

"Nimefaulu?" anauliza.

"Umepuliza vizuri sana, Mwalimu. Namba imeshuka, namwita daktari sasa hivi."

Saa 4:10. Daktari anasikiliza kifua. Kulia kuna mluzi, kushoto hakuna. Ananipa kifaa nisikie mwenyewe: mwembamba, unatoka kila anapotoa pumzi. Anaagiza CT na vipimo vya maambukizi, kiwango cha takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili usiyakatae mapafu, kwenye damu pia. Michoro yote naituma kwa timu ya India.

Saa 7:00. Ndizi nyama. Nakula nusu.

Saa 10:00. Naosha vifaa, nafunga chumba.

Saa 2:10 usiku. Ujumbe: "Mwanangu, wameniita India. Tiketi ni ya Jumapili."

Namjibu abebe daftari lake la vipimo lote, kuanzia ukurasa wa kwanza.