Kuku wa rika tofauti banda moja, chakula gani? Nilivyofanya mimi

Jamani hii kitu ilinisumbua sana, nina mitetea wanaotaga, majogoo wawili na vifaranga wakubwa wa miezi miwili, wote banda moja. Mwanzo nikawapa wote chakula cha kuku wa mayai, nikajua nimemaliza kazi, kumbe nilikuwa nawaharibu wale wadogo maana kile chakula kina kalsiamu (madini ya kujenga ganda la yai) kama asilimia 4 hivi na wanaokua wanahitaji karibu 1 tu, ikizidi figo zao ndo zinaumia. Nikageuza, wote chakula cha kukuzia, haya sasa mayai yakaanza kutoka ganda laini, mengine unayashika yanabonyea 😩

Kilichonitoa ni kuacha kutafuta chakula kimoja chenye kila kitu. Wote wanakula cha kukuzia chenye protini asilimia 16 hadi 18, halafu kalsiamu naiweka pembeni kwenye chombo chake, makombe ya bahari yaliyopondwa. Usichanganye kwenye chakula! Mtetea anayetaga anajiendea mwenyewe akihitaji, jioni hasa, wadogo na majogoo wanadonoa kidogo wanaachana nayo. Chombo nimekining'iniza usawa wa mgongo wa kuku mkubwa, la sivyo wanakichakura chote chini.

Ganda zimerudi ngumu baada ya wiki mbili tatu hivi. Mahindi matupu nimepunguza pia, wanayapenda mno lakini protini yake ndogo, sasa hivi ni kiganja tu jioni.