Kikebe cha babu
Jumapili nilikuwa kwa shangazi, Kiambu. Alikuwa ananitafutia picha ya harusi ya baba, na kutoka chini kabisa ya sanduku akatoa kikebe cha bati chenye kutu, bado kina uzi wake. "Hiki babu yako alikivaa shingoni," akaniambia.

Ndani mlikuwa na kipande, kile cheti cha kazi cha enzi ya ukoloni. Karatasi imechanika kwenye mikunjo, lakini alama za vidole bado zipo, nyeusi tii. Jina la mwajiri, mshahara, siku ya kuanza kazi. Siku ya kuacha haikujazwa, na hapo ndipo nilipokwama. Miaka ile kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi nchini Kenya alilazimika kutembea nacho, na mwajiri asipokitia sahihi, kuondoka shambani lilikuwa kosa la jinai. Yaani unafungwa kwa kuacha kibarua!

Na mshahara wenyewe? Mwaka 1921 walowezi waliafikiana kuukata kwa thuluthi moja, huku kodi ya kibanda ya serikali ikidaiwa vilevile. Hasira hiyo ndiyo iliyowasimamisha watu na Harry Thuku, mwanaharakati aliyepinga kipande na kodi hiyo. Alipokamatwa, umati uliokuja kumdai ulimiminiwa risasi Nairobi, tarehe 16 Machi 1922.

Shangazi anasema wazee walikiita mbugi, kengele ya mbuzi. Nilikivaa kidogo tu. Bati ni baridi, na linagonga kifua kila ukipiga hatua. Babu alilima nacho.