Nikailaumu fulana
Wiki ya tatu ya dawa za saratani ya damu, namvalisha mwanangu, mkono wa kushoto ukagoma kupita. Nikailaumu fulana. Kuweka mikono yote miwili sambamba, mmoja umeumuka kama andazi, na mishipa ya begani imejichora hadi kifuani.

Upande huohuo ndiko alikowekewa katheta, ule mpira mwembamba unaofika kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo. Tuliupenda jamani! Kabla yake alichomwa sindano mpaka mishipa ikajificha. Niliogopa maambukizi tu, nikawa nanawa mikono kama mpasuaji. Damu kuganda? Kwa mtoto wa miaka 6 ambaye fizi zilikuwa zinavuja damu kwa kupungukiwa chembe sahani, zile zinazogandisha damu?

Ultrasaundi ikaonyesha bonge la damu. Daktari akaeleza kwamba mpira unakwaruza ukuta wa mshipa na kupunguza mwendo wa damu, saratani yenyewe inachochea kuganda, halafu kati ya dawa zake za saratani, asparajinesi inashusha protini zinazozuia kuganda, na steroidi zinaongezea. Kwake vyote vimekutana mwezi mmoja.

Mama wenzangu, mkono, shingo au uso ukivimba, au mpira ukikataa kutoa damu, msisubiri siku ya kliniki. Mimi nilipoteza siku nzima kwa ajili ya fulana.

Sasa ni sindano ya heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, chini ya ngozi, asubuhi na jioni, na vipimo vya damu kila mara, maana chembe sahani zikishuka sana inabidi dozi ipunguzwe au isimamishwe. Paja anachagua mwenyewe. Leo kachagua la kulia, kisha akadai chai na andazi.