Kambini Gilgali, Mpaka Jeraha Lipone

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Juma hili nimeelemewa na haraka ya wanaume. Mtu ametolewa tezi dume kwa sababu ya saratani, mpira wa mkojo umechomolewa Ijumaa, na Jumatatu anataka kuonekana kazini. Ukimuuliza, jibu ni lile lile: "Niko vizuri, Mungu ni mwema." Naam, ni mwema. Ila mshono ulio ndani nao una siku zake, na aliyeziweka siku hizo ni Mungu huyo huyo.

Fungueni Yoshua sura ya 5. Taifa la Israeli limevuka Yordani, limepiga kambi Gilgali, Yeriko iko mbele ya macho, na kila mtu anajua kazi iliyowaleta. Hapo ndipo Bwana anamwagiza Yoshua awatahiri wanaume wote kwa visu vya mawe. Kwa hesabu ya vita ni hatari kubwa: jeshi zima limelala, na jeraha liko mahali ambapo mwanamume hapendi hata kupataja. Tunajua yaliyowapata watu wa Shekemu: waliuawa siku ya tatu walipokuwa katika hali kama hiyo. Lakini mstari wa 8 unasema walikaa kila mtu mahali pake kambini mpaka wakapona. Hatusomi popote kwamba mmoja aliamka mapema akajifunga upanga ili aonekane shujaa. Aliyewatuma Yeriko ndiye aliyewalaza Gilgali. Na ukirudi mstari wa 1 utaona kwamba mioyo ya wafalme wa nchi ilikuwa imekwisha kuyeyuka. Ulinzi uliwekwa kabla kisu hakijanolewa.

Sasa tuseme wazi kinachopona huko ndani, maana wengi wanahesabu kovu la nje tu. Tezi ikiondolewa, daktari hushona kibofu na mfereji wa mkojo upya. Muungano huo hupona ukiwa umeegemea mpira, na ndiyo sababu mpira hukaa kwa kawaida siku 7 hadi 14, wala hauchomolewi nyumbani hata ukikukera. Ukitoka, muungano umeshika lakini bado ni mchanga, na ukuta wa tumbo unahitaji kama wiki 6 kurudisha nguvu. Kwa wiki hizo 6 usiinue kitu kizito kupita kilo 5 hivi. Dumu la lita 5 lililojaa maji, mwisho ni hapo. Ndoo ya lita 20 ni mara nne yake, na mfuko wa saruji wa kilo 50 ni mara kumi. Mzigo ukiinuliwa, tumbo husukuma chini: damu hurudi kwenye mkojo, na ngiri huweza kutokea palipokatwa. Kujikamua chooni kunafanya kazi ile ile ya ndoo, kwa hiyo papai, mboga za majani na maji ni sehemu ya tiba, na choo kikigoma omba dawa ya kulainisha mapema. Kwa ndugu wa bodaboda na baiskeli: tandiko linabana msamba, chini kabisa ya muungano ule, tena kwenye barabara ya makorongo. Hesabu wiki 6 kamili, kisha upate ruhusa ya daktari. Mwenye gari asishike usukani mpaka aweze kukanyaga breki ya ghafla bila maumivu.

Damu kidogo ya rangi ya waridi kwenye mkojo ukitembea sana si ajabu katika wiki za mwanzo. Pumzika, kunywa maji, itasafika. Lakini mkojo ukikataa kutoka, mabonge ya damu yakitokea, homa ikipanda, au mguu mmoja ukavimba na kuuma kwenye shavu la mguu, ni hospitali siku hiyo hiyo. Kifua kikibana au pumzi ikikatika ghafla ni hospitali dakika hiyo, maana damu iliyoganda mguuni huweza kupanda mpaka kwenye mapafu.

Nakuja kwenye lile linalowafanya ndugu zetu wasirudi kanisani hata pale wanaporudi kazini. Mkojo unavuja.

Unavuja kwa sababu hii. Mwanamume ana koki mbili za mkojo. Ya juu iko kwenye shingo ya kibofu, imeungana na tezi dume, na tezi ikiondolewa mara nyingi nayo huenda. Inabaki ya chini peke yake, ifanye kazi ya wawili. Koki hiyo ya chini ni msuli, na msuli hujengwa kwa mazoezi. Lala chali, magoti yamekunjwa. Vuta ndani na juu kana kwamba unazuia ushuzi na mkojo kwa pamoja. Ukifanya sawasawa utaona uume unarudi ndani kidogo na korodani zinapanda. Tumbo, mapaja na makalio vitulie. Usibane pumzi. Shikilia sekunde 3 mpaka 5 mwanzoni, ukipanda taratibu hadi 10, kisha legeza kwa muda ule ule. Rudia mara 10, halafu mikazo 10 ya haraka haraka. Fanya hivyo mara 3 kwa siku: ukilala, ukikaa, ukisimama. Anza hata kabla ya upasuaji kama nafasi ipo, acha wakati mpira umo ndani, endelea ukishatolewa. Wengi hukosea kwa kukaza makalio na kusukuma chini badala ya kuvuta juu. Hao huvuja zaidi, kisha husema mazoezi hayasaidii. Wengine hufanya zoezi kwa kukatakata mkojo kila wanapokojoa. Hilo linavuruga kibofu, liache. Kisha ujifunze kukaza kabla ya kukohoa, kabla ya kupiga chafya, kabla ya kuinuka kitini. Hapo ndipo zoezi linaingia kazini.

Wengi huona nafuu kubwa ndani ya miezi 3 hadi 6, na wengine huendelea kuimarika mpaka mwaka mzima. Asubuhi hukauka mapema kuliko jioni, kwa sababu msuli uliofanya kazi mchana kutwa umechoka. Basi usivunjike moyo ukiwa mkavu saa tatu asubuhi na umelowa saa kumi. Na tafadhali usijinyime maji. Mkojo mzito unawasha kibofu, nacho kitakurudisha chooni mara nyingi zaidi. Lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, ukipunguza chai, kahawa na soda, na ukiacha kunywa muda wa saa mbili kabla ya kulala. Pampasi ya watu wazima au pedi ibadilishwe kila saa 3 au 4 hata kama haijajaa, ngozi ioshwe na kukaushwa, ipakwe mafuta mazito ya kuilinda. Beba tatu na suruali ya akiba kwenye begi, uvae rangi ya giza.

Hapa naomba niseme na kanisa, na nitasema kwa uchungu. Gilgali jina lake linatokana na aibu kuvingirishwa. Mstari wa 9, Bwana anasema ameiondoa aibu ya Misri juu yao, na anayasema hayo kwa wanaume wenye kidonda sirini. Sisi tunafanya nini? Tunamsimamisha ndugu aliyetoka hospitali wiki ya tatu atoe ushuhuda wa dakika ishirini mbele ya watu mia, huku anabana miguu. Tunanong'ona kwamba amekuwa kama mtoto. Tunamwambia aliyeponywa havai pedi, kana kwamba pedi ni ukosefu wa imani. Wapendwa, kibofu hakina imani wala shaka, kina msuli unaopona. Mfalme Hezekia alipougua alilia, akasikiwa, akaongezewa miaka 15, na nabii yule yule aliyeleta neno la Bwana akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Hakuna aliyesema tini zimemwaibisha Mungu.

Mnataka kuivingirisha aibu? Wekeni pipa la taka lenye mfuniko ndani ya choo cha wanaume. Cha kina mama lipo siku zote. Cha wanaume halipo, na ndugu yako anatembea na pedi iliyolowa mfukoni ibada nzima kwa kukosa pa kuitupa. Mwekeeni kiti cha pembeni karibu na mlango, na akitoka mara tatu katikati ya mahubiri asigeuziwe shingo. Mkesha apumzishwe. Mfungo pia. Hata kuinua viti vya plastiki baada ya ibada, mwondoeni kwenye zamu.

Na wewe ndugu, usiache kliniki kwa sababu umeombewa. Kipimo cha damu cha PSA, protini inayotoka kwenye tezi dume, baada ya upasuaji huanza kati ya wiki ya 6 na mwezi wa 3, na hutarajiwa kushuka chini ya 0.1 ng/ml, kikipanda kufikia 0.2 na kipimo cha marudio kikathibitisha, daktari anahitaji kukuona mapema kungali na nafasi ya tiba nyingine. Kwa aliyepata mionzi PSA hushuka polepole kwa miezi mingi, na huweza kuruka kidogo kisha ikatulia, asifadhaike na namba moja. Huyu wa mionzi pia ana uchovu wa namna yake: unapanda kadiri wiki za tiba zinavyokwenda, na huweza kumfuata wiki kadhaa baada ya mashine kuzimwa. Aliyetoka Kigoma akatibiwa hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, asipange kuripoti kazini kesho yake. Anayechomwa sindano ya homoni kila siku 28 au kila wiki 12 atapata joto la ghafla na jasho, mwili utanenepa, misuli na mifupa itapungua. Dawa yake ni kutembea kila siku na mazoezi ya nguvu angalau mara 2 kwa wiki, daktari akisharidhia mifupa yake. Asiruke sindano.

La chumbani nalitaja kwa ufupi, ila msilifiche. Mishipa ya fahamu ya tendo la ndoa inapita ubavuni mwa tezi, na hata ikihifadhiwa hulala muda mrefu. Kuamka kwake huweza kuchukua mwaka hadi miaka 2. Shahawa hazitoki tena baada ya tezi kuondolewa. Mwambie mkeo haya mkiwa wawili, mwende kliniki pamoja. Akinyamaziwa atadhani hapendwi.

Sasa habari ya riziki, maana najua ndiyo inayowakimbiza. Angalieni tena sura ya 5: mana, kile chakula walichopewa na Mungu jangwani, ilikoma baada ya kula mazao ya nchi. Maana yake siku zote walizolala na jeraha, mana iliendelea kushuka. Kwa mwajiriwa wa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 32, inampa siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, siku 63 zinazofuata kwa nusu. Cheti cha daktari kinatakiwa. Zitumie, si hisani ya bosi. Na cheti kisiandikwe "kazi nyepesi" tu, kwa sababu kila msimamizi ana wepesi wake. Mwombe daktari aandike: asibebe zaidi ya kilo 5 mpaka tarehe fulani, aruhusiwe kwenda choo wakati wowote, aanze kwa nusu siku.

Asiye na mwajiri, mana yake ni ninyi. Umoja wa wanaume umtafutie deiwaka mwaminifu wa kuendesha bodaboda yake na kuleta hesabu kila jioni. Shamba lake lilimwe Jumamosi mbili. Genge lake likaliwe kwa zamu. Hiyo ni sadaka inayoonekana, na wiki 6 si nyingi kwa watu 12.

Siku za kupona zikitimia, inuka uende, maana Yeriko ni kazi halali na mikono isiyofanya kazi nayo huugua. Lakini soma sura ya 6 uone walivyoanza. Siku ya kwanza waliuzunguka mji mara moja tu, kisha mstari wa 11 unasema walirudi kambini wakalala. Siku ya pili hivyo hivyo, kwa siku 6. Mizunguko saba ilikuwa ya siku ya saba. Karani au mwalimu wengi hurudi kati ya wiki ya 3 na ya 6. Fundi ujenzi, mkulima na kuli wanahitaji wiki 6 hadi 12. Wiki mbili za mwanzo fanya nusu siku, kazi ngumu iwe asubuhi kabla msuli haujachoka. Mwalimu akae kitini vipindi viwili katika kila vitatu. Dereva apange vituo vyenye choo, asipitishe muda wa saa mbili hadi tatu bila kusimama. Fundi aanze na kupima na kupiga plasta ya chini, zege lisubiri.

Na ukirudi nyumbani saa saba mchana wiki hiyo ya kwanza, jirani akakuuliza mbona mapema leo, mwambie umemaliza mzunguko wa leo, kisha uingie ndani ukalale.